Kreti Sitini na Nne

Siku ya sita Msasa aliingia tena kwenye ghala la baridi, leso imefungwa puani, na kwa mara ya sita kipimajoto cha ukutani kilimwambia jambo lile lile: nyuzi tisa. Alikigonga kwa ukucha. Nyuzi tisa. Akatoa mfukoni kipimajoto kingine alichokiazima kwa mwuza maziwa, akakilaza juu ya kreti, akasubiri dakika tano huku akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule kwa baridi. Nyuzi tisa na kidogo. Alikirudisha mfukoni kwa hasira kana kwamba kimemtukana mama yake.

Kwenye kituo cha polisi walimwita mpelelezi huyu Msasa kwa sababu akishika jambo hulisugua mpaka mbao yenyewe ionekane. Safari hii alikuwa amesugua siku sita mfululizo, na kilichoanza kwisha ni msasa.

Ghala lilikuwa mali ya chama cha ushirika cha wakulima wa pilipili hoho. Wanachama walikuwa wamepata mkataba wao wa kwanza mkubwa: kujaza kreti mia tatu na kuzihifadhi kwenye baridi siku kumi na moja, mpaka lori la mnunuzi lipite kuzichukua. Siku ya kumi na moja lori lilifika, mlango ukafunguliwa, na harufu ikatoka nje kabla mtu hajaingia ndani. Kreti sitini na nne zilikuwa zimegeuka uji. Mnunuzi hakutaka hata kuzitazama zile nyingine. Aligeuza lori akaenda zake. Wanachama nao wakamgeukia mtunza ghala, mtu pekee aliyeshika ufunguo, na walipomalizana naye mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Polisi walimwokoa kwa kumkamata.

Tangu siku hiyo alikuwa mahabusu kwa tuhuma ya kuhujumu mali ya ushirika. Mwenyekiti wa chama aliapa kwamba jamaa alizima mashine kwa kisasi, kwa kuwa wiki moja kabla ya mzigo kuingia walikorofishana mbele za watu juu ya likizo. Mtunza ghala hakukana wala hakukubali. Kila akiulizwa alijibu kwamba la kusema ameshalisema, ingawa hakuna mtu kituoni aliyewahi kumsikia akisema lolote.

Mkuu wa kituo hakuwa na subira na kesi ya mboga. Alimpa Msasa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, kwa sababu saa hiyo wanachama wangekutana kwenye ua wa ghala, na bila jibu mtu angewasha kiberiti. Leo ilikuwa Jumatano.

Shida ni kwamba mashine haikuzimwa. Msasa alikuwa amelihakikisha hilo mpaka likamchosha. Ndani ya ghala kulikuwa na kifaa kidogo kinachoandika joto kila robo saa, na alikisoma chote, mstari kwa mstari, siku kumi na moja. Kilionyesha pengo moja tu, saa mbili za siku ya nne, umeme ulipokatika mtaa mzima. Mwenyekiti aling'ang'ania saa mbili hizo kama kupe. Fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na vidole vyenye grisi, alimweleza Msasa kwamba kwa saa mbili, mlango ukiwa umefungwa, joto lingepanda kutoka nyuzi tisa zinazofaa hoho hadi kumi na moja, basi, na kumi na moja haiozeshi kitu. Alimwuliza mara tatu kwa namna tatu tofauti. Mara ya tatu fundi alimwambia kwamba hata akimwuliza kwa kuimba, jibu ni kumi na moja.

Kisha kulikuwa na habari ya ndizi. Siku ya kuingiza mzigo dereva mmoja wa chama alikuwa ameficha mikungu miwili ya ndizi mbivu ndani ya ghala ili zisiharibike, na mtu alimnong'oneza Msasa kwamba ndizi mbivu huivisha na kuozesha kila kilicho karibu nazo. Alimfukuzia dereva huyo siku moja na nusu, akampata, akambana mpaka jasho likamtoka, akamfanya aonyeshe kwa mkono pale alipoziweka. Kreti zilizokuwa zimezizunguka ndizi hizo zilikuwa nzima, hoho zake zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Koplo, mzee wa kazi aliyebakiza miezi minane astaafu, ndiye aliyetumwa kuandika maelezo ya dereva. Mwishoni aliuliza kwa upole kama aandike pia idadi ya ndizi.

Sasa walikuwa wawili humo ghalani, Koplo akiwa amevaa makoti mawili, na Msasa akiwa hana tena wa kumwuliza isipokuwa kreti zenyewe. Alichukua chaki. Alianza kuchora ukutani mpangilio wa ghala, safu kwa safu: kreti nzima duara, kreti iliyooza msalaba. Ilimchukua saa nzima. Alipomaliza alirudi nyuma hatua nne akatazama.

"Koplo, unaona nini?"

"Makaburi, afande."

"Tazama vizuri. Hapa msalaba, pembeni yake duara. Juu yake duara. Chini msalaba. Zimegusana."

Koplo alisogea, akakuna kidevu. Akasema kwamba kama joto lingepanda, zote zingeumia. Hata kama lingeumiza upande wa mlango zaidi ya upande wa mashine, lisingechagua kreti moja na kuiacha ndugu yake iliyokaa kidole kimoja kando.

Ndivyo alivyofikiri Msasa pia, na badala ya kufurahi alijisikia kuutandika ukuta teke. Siku sita alikuwa akiuliza maswali juu ya chumba, na chumba hakikuwa na kosa. Ugonjwa uliingia na baadhi ya kreti kutoka nje. Kutoka wapi? Kila kreti ilikuwa na kipande cha kadi kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini, chenye namba ya mkulima. Alizungukia zile nzima: saba, kumi na tisa, thelathini na mbili, saba tena. Alizungukia zilizooza. Hakuna hata moja iliyokuwa na kadi.

Mwenyekiti alikuwa amemwambia siku ya kwanza kwamba kadi ziliyeyuka kwa ule uji. Msasa aliamini, na sasa alijilaani kwa kuamini. Kadi inaweza kuyeyuka, lakini uzi hauyeyuki. Aliinama kwenye mpini wa kreti ya karibu, akavumilia harufu, akatafuta. Kipande cha uzi kilikuwepo, fundo lake zima, na ncha yake imekatwa kwa kisu kikali. Akaenda kwenye nyingine. Hivyo hivyo. Alizipitia zote sitini na nne kwa mkono wake, na alipoinuka mgongo ulilia kama mlango mbovu. Kitabu cha mapokezi, ambacho kingesema kreti zipi zilitoka kwa nani, kilikuwa kimechanwa ukurasa. Hilo alilijua tangu mwanzo, lakini mwanzo lilionekana jambo dogo.

"Mtu alikuwa anaficha jina," alisema.

Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la mwenyekiti, na alikiri baadaye kwamba lilimjia kwa sababu alikuwa amemchoka. Mwenyekiti alikuwa na shamba kubwa kuliko wote, namba saba. Ndiye aliyesema habari ya kadi kuyeyuka. Ndiye aliyeharakisha kesi. Mchana huo huo Msasa na Koplo walimvamia shambani bila taarifa, na Msasa alitamani sana akute uchafu.

Hakukuta. Mipira myembamba ililala kando ya kila mstari wa miche, ikidondosha maji tone kwa tone kwenye shina, na majani na matunda yalikuwa makavu. Wachumaji walikuwa na visu vidogo. Kila hoho ilikatwa ikaachiwa kikonyo cha kidole kimoja, ikalazwa kwenye kreti chini ya kivuli. Mwenyekiti aliwatembeza mwenyewe, akaeleza kwa madaha kwamba yeye mbolea ya kukuzia huisimamisha maua yakishafunga matunda, na kwamba huwapa miche madini ya chokaa ili tunda liwe gumu. Msasa alimwuliza kama wanachama wengine nao wanafanya hivyo. Alijibu kwamba yeye si mwalimu wa mtu.

Njiani kurudi Msasa aliendesha gari kwa hasira. Koplo alisema, akiwa anatazama nje ya dirisha, kwamba mtu kumchukiza mtu si kosa la jinai, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa amefungwa miaka mingi.

Bado alikuwa na mfuko aliotoka nao ghalani, wenye hoho kumi, tano nzima kutoka kreti za namba saba na tano kutoka kreti zisizo na jina, zile zilizoanza tu kuoza. Saa kumi jioni aliufikisha kwenye maabara ya chuo cha kilimo, kwa mama mmoja aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya kijani na miwani iliyofungwa kwa kamba. Mama wa maabara alimwambia kwanza kwamba mashine yake kubwa ya kupima madini imeharibika tangu mwezi uliopita na fundi hajaja. Msasa aliketi kwenye stuli akafumba macho. Mama yule alimtazama, akamhurumia, akachukua kisu.

Aliziweka hoho katika makundi mawili, akaanza na ngozi. Akasema hazikuumizwa na baridi kali, kwa sababu hoho iliyopigwa na baridi kali hupata vidonda vidogo vinavyobonyea, kama uso wenye ndui, na hizi hazikuwa navyo. Kisha akamwonyesha mahali pa kuoza. Zote tano zilianza kuoza juu, pale kikonyo kinaposhikana na tunda. Vikonyo vya namba saba vilikuwa vimekatwa sawasawa. Vya hizi vilikuwa vimenyofolewa, na kingo zake zimechanika.

"Huo ni mlango," alisema. "Umeuacha wazi, halafu unashangaa wezi wameingia."

Alikata kila hoho katikati, akakamua maji yake juu ya vijikaratasi viwili vya kupimia. Cha namba saba kiligeuka waridi hafifu. Cha kundi la pili kiligeuka zambarau nzito kabla hajamaliza kuhesabu kumi. Alieleza kwamba mche huo ulipewa mbolea ya kukuzia, nyingi, na mwishoni, wiki chache kabla ya kuchumwa. Tunda likanenepa kwa maji badala ya nyama. Alibonyeza ukuta wake kwa kidole gumba na ukabonyea kama shavu la mtoto. Na juu ya hayo, alisema, lilinyweshwa sana siku ya mwisho, wakati maji huachwa angalau siku mbili kabla ya kuchuma, tena kwa kumwagiwa juu. Nyufa nyembamba hizi zilitokana na hilo.

"Hoho hii ilinenepeshwa kama bibi harusi," alisema. "Siku ya harusi inapendeza. Siku kumi na moja haifiki."

Msasa aliuliza kama anaweza kumwambia ilitoka shamba gani. Mama wa maabara alicheka, akasema karatasi zake hazisomi majina. Lakini aligeuza kipande kimoja, akakwangua kwa ncha ya kisu ndani ya mikunjo ya kile kikofia cha kijani kinachoshika kikonyo, na akatoa chembe za udongo mkavu uliorushwa na maji. Udongo wa kijivu, laini kama unga. Shamba la mwenyekiti lilikuwa na udongo mwekundu, na bado ulikuwa kwenye viatu vya Msasa.

Koplo aliuchukua ule wa kijivu kwenye kidole, akausugua, akaunusa. Alikuwa ameufinyanga utotoni kutengeneza ng'ombe na magari. Ulikuwa udongo wa bondeni, alisema, na bondeni kuna mashamba matatu tu.

Asubuhi ya Alhamisi waliteremka bondeni. Shamba la kwanza lilikuwa limefungwa, wenyewe wamekwenda kliniki. Shamba la pili mwenyewe, mzee mwenye kikohozi, aliona sare ya Koplo akajifungia chooni, na hawakumpata kwa muda wa nusu saa mpaka Msasa akaghairi. Kwenye shamba la tatu walimkuta mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameinama, anachuma. Alikuwa anashika hoho kwa mkono mzima na kuivuta kwa nguvu moja, kama anayeng'oa jino, kisha anaitupia kwenye beseni la maji ambamo nyingine nyingi zilikuwa zinaelea.

Koplo alisimama ghafla. Alimshika Msasa kiwiko na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba anamjua huyu mama, kwa kuwa kila mchana ndiye huleta chakula cha mtunza ghala pale mapokezi. Ni dada yake mkubwa.

Mwanamke alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akawakaribisha. Aliuliza kwanza habari za mkono wa mdogo wake, kama ameweza kulala. Msasa alisema ameweza, ingawa hakuwa na hakika. Kisha akamwomba amweleze anavyolima, na dada alieleza kwa fahari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. Aliwaonyesha hoho zake, kubwa kama vikombe. Mpira wa maji huupitisha juu ya miche kila jioni mpaka majani yaoge. Mbolea aliongeza mara mbili katika wiki tatu za mwisho, kwa sababu chama hupima kilo na hakipimi kingine, na mwaka jana ubao wa matangazo wa ushirika ulibandika jina la aliyeleta mzigo mzito kuliko wote. Safari hii aliutaka ubao huo. Jioni ya kuamkia siku ya kupeleka alimwagilia mara mbili.

"Kwa nini mara mbili?" Msasa aliuliza.

"Zivimbe, afande. Asubuhi unaziokota nzito."

"Majirani zako pia?"

"Tulifundishana."

"Ulipeleka kreti ngapi?"

"Thelathini na nane. Jirani zangu wale wawili walipeleka ishirini na sita."

Koplo hakuhitaji kuandika ili ajumlishe. Alitazama viatu vyake. Msasa alikuwa ameitafuta hesabu hiyo wiki nzima, amekosa usingizi kwa ajili yake, amegombana na fundi na dereva na mwenyekiti, na sasa ilisimama mbele yake imeshika hoho na kumwuliza kama atapenda kuchukua chache za nyumbani. Alisema hapana, ahsante. Alitafuta namna ya kulisema jambo hilo polepole, akaikosa, akalisema lilivyo. Alimweleza kuhusu vikonyo, maji ya siku mbili za mwisho, karatasi za zambarau na uzi uliokatwa.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akaiweka hoho chini, ndani ya kreti, kwa uangalifu mkubwa ambao ulikuwa umechelewa.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Ndilo nakwenda kumwuliza."

Mchana Msasa aliketi mbele ya mtunza ghala katika chumba cha mahojiano, chumba chenye meza moja na dirisha lililopakwa rangi nusu. Mkono wa mshukiwa ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Alikuwa na miaka thelathini na mitano lakini uso ulikuwa umezeeka.

Msasa hakuuliza habari za mashine. Aliweka mezani kipande cha uzi.

"Ulikata siku gani?"

Mtunza ghala alikisukuma kando kwa kidole.

"Nimetoka bondeni. Nimeongea na dada yako."

Kichwa kiliinuka. "Amefanya nini dada? Yeye hajui kitu."

"Najua hajui. Siku gani?"

Alijibu kwamba ni siku ya sita tangu mzigo uingie. Aliingia kukagua, akaona maji yanachuruzika kwenye safu ya tatu, akafungua kreti moja, akaona kadi ya dada yake. Akafungua nyingine. Alitaka kuzitoa zote usiku ule azimwage mtoni, lakini zilikuwa nyingi na angeonekana. Akakata kadi za dada. Kisha akafikiri kwamba akikata za dada peke yake watajua, akakata na za majirani, akachana ukurasa wa kitabu.

"Kwa nini usingemwambia mwenyekiti siku ile ile? Zile nyingine mia mbili na ushee zingepona."

Mtunza ghala alisema kuna kanuni ya tisa. Mwanachama ambaye mazao yake yataharibu mzigo wa wenzake anafutwa, na shamba linarudi kwa chama. Dada yake alifiwa na mume miaka minne nyuma, na shamba lile ndilo jikoni kwake. Mama yao alikufa yeye akiwa na miaka sita, na kuanzia hapo hakuwa na mama mwingine ila huyo dada.

"Kwa hiyo ukaona bora mashine ilaumiwe."

"Mashine haina watoto, afande. Nilidhani wangelaumu mashine." Alitazama plasta yake. "Sikufikiri kwamba mashine ina mtu wake."

Msasa alifunga faili. Alipaswa kuridhika. Badala yake alitoka, akasimama kwenye korido, akaugonga ukuta kwa kiganja mara moja, si kwa nguvu sana.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama. Alisema hujuma hapa hakuna, na kukata kadi na kuchana ukurasa ni kosa dogo, jamaa apewe dhamana leo. Akauliza basi ni nani wa kushtakiwa. Msasa alimweleza kwamba chama kilipima uzito na kusifu uzito, na watu wakakipa uzito. Mkuu alimtazama juu ya miwani.

"Unataka nipeleke mzani mahakamani?"

Ijumaa saa nne ua wa ghala ulijaa. Msasa aliweka meza katikati, juu yake hoho mbili zilizokatwa na karatasi zake, akaeleza kwa maneno mepesi kilichotokea. Hakutaja shamba. Alisema tu kwamba hakuna aliyezima chochote, na mtu waliyempiga hakuwahujumu. Watu walinung'unika, wakatazamana, wakataka jina. Mwenyekiti naye alitaka jina, kwa sauti kubwa zaidi.

Dada alikuwa amesimama karibu na lango. Mdogo wake, aliyetoka mahabusu jana yake, alimshika kanga kumzuia. Dada aliutoa mkono huo taratibu, akapita mbele.

"Ni zangu," alisema. "Nilizimwagilia ziwe nzito. Ndugu yangu alinificha, nami sikumwomba."

Hakuwataja majirani. Mzee wa kikohozi, aliyekuwa safu ya pili, alianza kukohoa na hakunyamaza kwa muda mrefu. Mwenyekiti alikunjua karatasi ya kanuni, akatafuta ya tisa, akamwuliza Msasa mbele ya wote kama polisi wamethibitisha. Msasa alijibu kwamba wamethibitisha. Ndilo lililokuwa jibu la kweli. Alianza kukusanya vitu vyake mezani, kwa kuwa kazi ya polisi iliishia hapo.

Ndipo mtu mmoja wa nyuma, mnene, mwenye kofia ya sufu, aliinua mkono kidogo tu, kama asiyetaka uonekane. Msasa alimjua kutoka kwenye maelezo ya mashahidi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpiga mtunza ghala.

"Afande, samahani," alisema. "Maji, mtu ayaache siku ngapi kabla ya kuchuma?"

Hakuna aliyecheka. Vichwa viligeuka kumtazama, kisha vikageuka haraka kutazama kwingine. Msasa alijua jibu, lakini hakulitoa. Alimtazama dada.

"Angalau siku mbili," alisema dada. Alikuwa amelijua jibu hilo tangu jana tu. "Na usiogeshe tunda. Nywesha shina."

Mwanamke mmoja aliuliza kama ni lazima kisu au hata mkasi unafaa. Mwingine akauliza, kama mtu ameshaweka mbolea wiki iliyopita, kwa bahati mbaya tu, afanyeje. Kijana mmoja akasema yeye huziosha kwenye pipa moja zote, je, hilo nalo ni baya? Maswali yakatoka kona hii na kona ile, na kila swali lilikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwa amefanya jambo lile lile. Mwenyekiti alisubiri kimya kirudi ili aisome kanuni ya tisa. Hakikurudi. Mwishowe aliikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni, akakaa.

Koplo alisogea karibu, kalamu mkononi, daftari wazi.

"Afande, niandike?"

"Andika."

"Nimwandike nani?"

Msasa aliutazama ua mzima.

"Wote," alisema.